Shangazi, mshale wa simu unanizungusha na mlinzi ananiita mchawi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu ni uhasibu. Mwaka jana mwenzangu wa ofisini aliyesoma Ujerumani alinionyesha mchezo wa jiokashingi. Watu wanaficha makasha madogo sehemu mbalimbali duniani na kuweka koodineti zake mtandaoni. Wewe unakwenda na simu yako kulitafuta kasha, unasaini kikaratasi kilichomo, unalirudisha palepale, kisha unaandika kwenye tovuti kwamba umelipata. Ukitaka kuchukua kidude kilichomo, unaacha cha kwako. Niliupenda siku ileile. Mimi nashinda na tarakimu kutwa, na huu ni mchezo wa tarakimu zinazokutoa nje.

Sasa naona utanitoa roho.

Kwanza ni huo mshale. Tangu barabarani programu inanielekeza vizuri, mita mia mbili, mia, hamsini. Nikikaribia, mshale unaanza kucheza kama umepandisha mashetani. Naambiwa mita tatu, nageuka, mita kumi na moja. Jumamosi iliyopita nimeuzunguka mwembe mmoja mpaka watoto wa pale wakaanza kunifuata nyuma wakiimba.

Halafu rafiki yangu wa Nairobi alinitumia kwa WhatsApp koodineti za kasha analosema liko hapahapa Dar: S 06 46.320, E 039 14.100. Nikaziingiza kwenye ramani, ikanipeleka baharini, kwenye maji kati ya Bagamoyo na Unguja! Nimemuuliza, anaapa kwamba namba ni sahihi. Nani mwongo?

Walinzi nao. Nilikuwa kwenye bustani moja ya mjini, nimeinama nyuma ya benchi, mlinzi akaja na rungu. "Mama, unafukia nini hapo?" Nikamwambia natafuta kikopo. "Kikopo cha nani?" Sikujua cha nani. Watu wakajaa. Mmoja akasema kwa sauti kwamba wanawake wa siku hizi wanafukia hirizi kwa ajili ya waume za watu. Niliondoka pale uso sina pa kuuweka.

Kasha langu mwenyewe nililoweka nimeibiwa. Lilikuwa chombo kizuri cha plastiki, kile cha kubana pande nne, ndani daftari, kalamu, shanga na vigari vya watoto. Wiki mbili tu, halipo. Nikaweka jingine palepale, hilo halikufika hata Jumapili.

Na haya makasha ninayoyafuata mengi yaliwekwa na wageni waliokuja kwa mikataba yao, kisha wakarudi kwao. Unafika hakuna kitu, unamwandikia mwenyewe, kimya. Je, naruhusiwa kuweka kikopo changu pale ili mchezo uendelee?

Mengine ni ya nyumbani. Baba watoto anasema namaliza bando kutafuta takataka zilizofichwa na watu wasio na kazi. Na kwenye kasha moja nilikuta kibati chenye namba, vile wanavyovaa wanajeshi shingoni. Kilinipendeza nikakichukua, nikaacha kigari. Mwenzangu wa ofisini anasema nimeiba. Nimeiba, Shangazi?

Nimechoka, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na la baharini, maana hapo rafiki yako anaonewa. Namba zake ni sahihi, uliyeziingiza vibaya ni wewe. Mchezo huu huandika digrii, halafu dakika, na dakika hizo ndizo zenye desimali tatu. Digrii moja ina dakika 60. Kwa hiyo ile 46.320 haikai moja kwa moja nyuma ya nukta ya 6, lazima kwanza uigawe kwa 60. Unapata 0.772. Fanya hivyo na 14.100 upate 0.235. Sasa andika kwenye ramani -6.77200, 39.23500, na utajikuta kati ya Mwenge na Kijitonyama, karibu kabisa na daladala. Wewe uliandika -6.46320 na 39.14100, ukajisogeza zaidi ya kilomita 35. Na hiyo alama ya kutoa mbele ya 6 usiiache, kwa sababu ndiyo inayosema tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, simu itakupeleka Ethiopia bila kukuuliza. Mhasibu mzima, na mimi ndiye nakufundisha kugawa kwa 60!

Mshale nao una maelezo yake, na sehemu kubwa ni kwamba unauamini kuliko unavyostahili. Simu ya kawaida, ikiwa mahali wazi na anga halijazibwa, hukosea kwa mita kama tano. Aliyeficha kasha naye alipima kwa kifaa chenye kosa lake. Kosa lako likikutana na kosa lake, kasha linaweza kuwa popote ndani ya duara la mita kumi, hata kama kila mtu amefanya kazi yake vizuri. Chini ya mwembe mnene au kando ya ghorofa hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta na kufika kwenye simu yamechelewa. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ukisimama, GPS haijui umeelekea wapi. Inajua unakokwenda wakati unatembea tu. Ukisimama, simu inategemea dira yake ya ndani, na dira hiyo inahangaishwa na sumaku na vyuma. Tazama kava la simu yako. Ni lile la kufunika mbele, lenye kisumaku cha kubana? Livue. Usisimame kando ya gari wala geti la chuma, kisha zungusha simu hewani kwa kuchora namba nane ili dira ijirekebishe.

Hata hivyo tumepunguziwa sana. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS kwa watu wa kawaida, na kosa lilifika hata mita mia. Rais Clinton aliamuru uharibifu huo uzimwe, ukazimwa tarehe 2. Kesho yake tu, mpenzi mmoja wa GPS, Dave Ulmer, akapeleka ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo kwa wenzake mtandaoni. Mchezo wetu ulizaliwa hapo.

Ukifika mita kumi, weka simu kwenye mkoba. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ya vibaka wa pikipiki, maana mtu aliyesimama kando ya barabara ameinua simu mbele ya uso wake anawarahisishia kazi. Lakini hata porini fanya hivyohivyo. Kuanzia hapo ni kazi ya macho. Jiulize, ningekuwa mimi ningeficha wapi? Tazama kitu kilichopangwa kupita kiasi: vijiwe vitatu vimekaa juu ya shina ambako hakuna jiwe jingine, gome limeegeshwa kwenye tundu, au boliti mpya kwenye uzio wenye kutu. Kisha soma ukurasa wa kasha kabla hujatoka nyumbani. Kila kasha lina alama mbili, kutoka 1 hadi 5, moja ya ugumu wa kutafuta na nyingine ya ugumu wa njia. Wewe bado mgeni, baki kwenye 1 na 2. Tazama ukubwa wake pia, maana kuna makasha yasiyozidi ncha ya kidole, yenye sumaku nyuma, na mtu anatafuta ndoo huku amekaa juu yake. Na soma walioandika kabla yako. Ukikuta watu wanne wa mwisho wote wanasema hawakuliona, usiende kuuzunguka mwembe.

Usitie mkono kwenye tundu hata siku moja. Tumia kijiti. Kifutu halalamiki, anauma tu.

Sasa walinzi, na hapa ndipo nina ugomvi na wenye mchezo. Mazoea yake yalitokana na watu wa misitu ya Marekani na Ulaya, ambako unaweza kutembea saa nzima usikutane na mtu. Wanafundishana kujificha: ngoja watu wapite, jifanye unafunga kamba za viatu, jifanye unaongea na simu. Dar es Salaam wapi utangoja watu wapite? Hakuna mti usiokuwa na mtu wake hapa. Kuna mama wa mihogo, vijana wa kijiwe, bodaboda, na mlinzi anayelipwa ili amshuku mtu anayeinama nyuma ya benchi. Yule mlinzi wako alifanya kazi yake. Mtu asiyesalimia, anayezungukazunguka na kuchungulia chini ya vitu, kwetu jina lake linajulikana, na ndilo ulilopewa.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Ukifika, mwendee mtu wa pale kabla hujatafuta chochote. "Habari za kazi kaka, poleni na jua. Kuna mchezo wa kwenye simu wa kutafuta vikopo, unasema kimoja kiko eneo hili, naomba nikitafute kidogo." Mwonyeshe ramani. Mara nyingi atacheka na kukufuata, na usishangae akikuambia kikopo chenyewe anakijua siku nyingi. Huko ughaibuni wapo watakaosema umeharibu siri. Waache waseme, hawakuwepo siku ile bustanini. Akikataa, shukuru uondoke. Na sehemu za jeshi, bandari, reli na madaraja makubwa usisogee hata kama mshale unakuita. Kanuni za mchezo wenyewe haziruhusu kasha karibu na sehemu nyingi za aina hiyo, na huko Uingereza, mji wa Wetherby, mwaka 2011 wataalamu wa mabomu wa jeshi walilipua kikopo cha mchezo huu barabarani wakidhani ni bomu. Hakuna aliyeumia, lakini mtaa ulifungwa kwa ajili ya vitu vya kuchezea.

La hirizi usilipuuze, wala usiwacheke waliosema. Jiweke kwenye nafasi ya kijana anayefagia akakifungua kikopo kwa bahati mbaya. Anakuta karatasi yenye majina ya watu asiowajua, shanga, labda sarafu, vyote vimefungwa kwenye mfuko chini ya mti. Wewe ungefikiri nini? Toa shanga. Toa sarafu. Juu ya kifuniko andika kwa Kiswahili, herufi kubwa, wino usiofutika: HIKI NI KIKOPO CHA MCHEZO WA SIMU. HAKINA MADHARA. TAFADHALI KIACHE HAPA. Chini yake weka namba ya kupiga, ya laini ya pembeni, si ile ya benki. Makasha mengi yana maelezo ya Kiingereza peke yake, na mfagiaji wa bustani hakuandikiwa yeye.

Ndipo tunafika kwenye wizi. Mwanangu, uliweka chombo cha jikoni kinachouzwa dukani kwa pesa nzuri, kikiwa kipya, kimefunga vizuri, barabarani. Hicho hakikuibiwa, kilipata kazi. Chuma nacho usiweke, kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tafuta kitu kisicho na faida kwa mtu yeyote: kopo la dawa lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, lizungushie tepu ya kahawia mpaka lisitamanike. Bomba lililozibwa pande mbili usitumie, kwa sababu ya yale ya Wetherby. Ndani weka karatasi kwenye mfuko wa kubana, na penseli badala ya kalamu, kwa kuwa masika yakianza karatasi inapata unyevu na wino hausomeki. Lisiguse udongo, mchwa wanapenda karatasi kuliko sisi. Usiweke peremende wala biskuti. Ile ndoo ya kwanza ya Ulmer ilikuwa na kopo la maharage ndani, na yenyewe ilifukiwa nusu ardhini, na leo chakula ni marufuku, na kuchimba pia, isipokuwa mwenye eneo ametoa ruhusa ya wazi.

Lakini kopo baya peke yake halitoshi. Kanuni zinataka upate ruhusa ya mwenye eneo, na watu wengi huichukulia ruhusa hiyo kuwa usumbufu wa karatasi. Mimi naona ndiyo ulinzi wenyewe. Ongea na mwenye eneo, kisha ongea na yule mama anayeuza pale kila siku. Mweleze, mfungulie aone kilichomo, mwache asaini wa kwanza. Kikopo kinachojulikana na mama wa genge kina mlinzi kuanzia alfajiri. Angalia tu usimlazimishe mtafutaji aingie dukani au anunue kitu, maana hapo mhakiki, yule mtu wa tovuti anayekagua makasha mapya, atakukatalia, mchezo hautaki biashara.

Makasha ya wageni walioondoka: hapana, usiweke kikopo chako mahali pa kasha la mtu. Ukifanya hivyo, kasha la kweli huenda lipo mita nne kutoka hapo, na kuanzia siku hiyo yatakuwa mawili na kila mtu atachanganyikiwa. Andika mtandaoni kwamba hukuliona. Usione haya, ujumbe huo ni msaada kwa anayekuja. Kisha tuma taarifa kwamba kasha linahitaji mwenyewe, na mwandikie umwombe akukabidhi, kwa sababu tovuti ina utaratibu wa kasha kubadilisha mmiliki. Akikaa kimya muda mrefu, taarifu mhakiki. Akilifunga, eneo ni huru na wewe unaweza kuomba kuweka la kwako, mradi liwe angalau mita 161 kutoka kasha jingine. Kanuni hizohizo ndizo zinazozuia mtu wa likizo kuweka kasha asiloweza kulitunza, kwa hiyo wewe unayekaa Tabata una haki zaidi ya hayo maeneo kuliko waliopita.

Na kama umechoka na wezi kabisa, kuna aina isiyo na kikopo. Inaitwa ethikashi, ilianza mwaka 2004, na kinachotafutwa ni jambo la kijiolojia: unafika, unatazama, unajibu maswali ya mwenye kuliandika. Fukwe za Oysterbay na Msasani zina miamba ya matumbawe ya kale yaliyokuwa chini ya bahari. Nenda na watoto, watazame alama za matumbawe kwenye jiwe, pima, andika. Kuandaa ya kwako ni kazi kidogo, lazima usome na ueleze kwa usahihi, lakini nani atakuibia mwamba?

Baba watoto ana hoja ya bando, ila imepitwa na wakati. GPS haili bando hata kidogo, simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti. Bando linaliwa na ramani. Pakua ramani ya Dar ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini na uingize orodha ya makasha mapema. Ramani huria ya OpenStreetMap ina vichochoro vingi vya jiji letu, kwa kazi ya wanafunzi na wananchi wa mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015. Uzime data ukitoka, ila ujue simu itachelewa kidogo kupata setilaiti mara ya kwanza. Hoja ya watu wasio na kazi sitaijibu mimi. Mwambie Jumamosi ijayo unakwenda Pugu na watoto na unahitaji mtu wa kubeba maji. Porini usiende peke yako hata hivyo.

Kibati sasa. Hujaiba, lakini si chako. Hicho ni msafiri: mwenye nacho amekisajili na kukipa lengo, pengine kifike bahari fulani au kirudi kwao, na husonga kwa mikono ya wachezaji kutoka kasha moja hadi jingine. Hakibadilishwi kwa kigari. Ingiza namba yake kwenye tovuti leo, usome lengo lake, uandike kwamba uko nacho. Namba yenyewe usiipige picha na kuituma kwenye magrupu, maana yeyote mwenye nayo anaweza kudai amekishika. Kisha kipeleke kwenye kasha jingine lililo zima, lililoonwa karibuni. Kama yule rafiki yako wa Nairobi anakuja, mpe yeye akivushe mpaka Namanga, ila mwandikie koodineti kwa digrii na dakika, ameshazizoea.

Shangazi